Filamu ya eksirei haina kosa, dawa yako ndiyo kali

Juzi mwanafunzi mwingine kaniletea negativu ya inchi 8 kwa 10, picha ya mtu aliyoipiga kwa kamera kubwa akitumia filamu ya eksirei ya hospitali. Kwenye vivuli ni kioo kitupu, kwenye anga na shati jeupe ni lami. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Si unajua tena mwalimu, filamu ya eksirei haina kijivu."

Maneno hayo nimeyasikia hadi nimeyachoka. Siku hizi najibu kwa swali moja: umeisafisha kwa dawa gani? Na jibu ni lile lile kila mara. Dawa ya kusafishia karatasi za picha, au dawa ya eksirei yenyewe, tena haikuzimuliwa hata kidogo.

Hebu fikiria filamu hii ilikotoka. Imeundwa ipite kwenye mashine ambayo dawa yake ina joto la nyuzi 34 hivi, na kwa mashine nyingi safari nzima, tangu filamu kuingia hadi kutoka ikiwa kavu, ni sekunde 90. Kwa mwendo huo dawa lazima iwe kali. Isitoshe, daktari anataka ufa wa mfupa umrukie machoni. Kijivu laini cha mashavu ya mtu hakimsaidii. Sasa wewe unachukua dawa ile ile, unaimwaga kwenye trei, unaiacha filamu humo dakika nne, kisha unalalamika kuwa imetoka nyeusi na nyeupe. Ulitegemea nini?

Halafu nyingi zimepakwa emulsheni, ule utando unaohisi mwanga, pande mbili. Weusi wa upande huu unajumlishwa na weusi wa upande ule, hivyo kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, inapanda maradufu bila wewe kuomba. Ndiyo sababu ya kuwa mpole nayo. Kuna wanaokwangua upande mmoja kwa maji ya klorini ili kuipunguza. Inawezekana, ila ni kazi ya kuchafua mikono kwa tatizo ambalo kuizimua dawa kwa maji ya bomba kunalimaliza.

Bahati nzuri kijana alikuwa amepiga pande zote mbili za holda, kile kibebeo kinachoshika filamu mbili, mtu yule yule, mwanga ule ule, na upande wa pili ulikuwa bado haujasafishwa. Tukaingia chumba cha giza. Dawa ya kusafishia ilikuwa Rodinal, sehemu moja kwa maji sehemu 100, nyuzi 20. Trei nikaiinua kona moja polepole, nikaishusha, nikangoja, nikainua kona nyingine. Chini ya taa nyekundu anga ilitangulia kujitokeza, likafuata shati, uso ukachelewa. Dakika ya tatu akataka kuitoa kwa sababu ilionekana imeshaiva. Nikamzuia mkono. Filamu ambayo haijapita kwenye fiksa, dawa ya kuidumisha picha, ina utando kama maziwa, na huonekana nzito kuliko ilivyo. Tuliitoa dakika ya sita. Baada ya fiksa tuliiweka juu ya meza ya mwanga: vifungo vya shati vinahesabika, mikunjo ya mkono wa shati ipo, na chini ya ukingo wa kofia macho yanaonekana. Filamu kutoka boksi lile lile! Hakusema kitu, na mimi sikumsaidia kusema.

Kwa hiyo kivuli kipe mwanga wa kutosha wakati wa kupiga, halafu ubanie dawa. Filamu ya kijani, yaani ile inayoona hadi mwanga wa kijani, mimi huanza nayo kwenye ISO 80 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) mchana wa jua.

Yapo na mengine. Wapo wanaoamini kwamba filamu hii inaona mifupa, na niliwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima aliyekuja kupigwa picha, ameshika koti lake kifuani. Haioni. Hata hospitalini, kinachoichoma hasa ni mwanga wa kawaida: ndani ya kaseti, lile kasha la filamu, kuna skrini zinazowaka zikipigwa na miale, nyingine bluu, nyingine kijani. Filamu inatengenezwa ilingane na skrini yake.

Hapo ndipo ile kauli ya "lazima isafishwe kwenye giza totoro" inapoanguka. Filamu hizi hazioni wekundu, basi fanya kazi chini ya taa nyekundu. Ila taa ya rangi ya kahawia-njano, ambayo ya bluu inaivumilia, itaichafua ya kijani. Weka sarafu juu ya kipande cha filamu chini ya taa yako dakika tano, kisafishe. Ukiona duara, badili taa.

Kutoona wekundu kuna gharama. Midomo na chunusi hukolea, anga la bluu huwa jeupe. Chini ya balbu za njano ISO inaporomoka, na mita yako ya mwanga haina habari. Kuna aliyeweka kichujio chekundu kwenye lenzi akitaka mawingu yajitokeze, akapata filamu safi kama dirisha.

"Mikwaruzo haiepukiki." Inaepukika, kata kucha! Emulsheni ikilowa inakuwa laini, na hapa ipo juu na chini. Laza kioo ndani ya trei, safisha filamu moja moja, koleo zitupe mbali. Sitaki hata kuziona.

Ule mng'ao unaozunguka madirisha na taa si ubovu wa lenzi. Filamu ya pande mbili haina tabaka la nyuma la kumeza mwanga, kwa hiyo mwanga unapenya, unagonga mgongo wa holda na kurudi. Ukikuudhi, tafuta filamu ya matiti, ile ya kupigia eksirei za matiti, ambayo imepakwa upande mmoja na ina tabaka hilo. Hiyo sasa ina mbele na nyuma: chini ya taa nyekundu, upande wa emulsheni ndio mweupe zaidi. Nilimweleza hivyo jamaa mmoja, akaipakia kinyumenyume, mwanga wote ukaishia kwenye tabaka la nyuma. Akarudi kuniambia filamu ya matiti ni mbovu.