Mchezaji wa ridhaa: maana yake kwenye hoki ya barafu

Wapenzi wa ndondi Nairobi walilizoea neno hili zamani. Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988 akiwa bondia wa ridhaa, kisha akaingia ndondi za kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, na mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa hiari bila mshahara. Wengi hulielewa kama "asiyejua sana". Wanakosea. Neno linahusu mtu anavyopata riziki, halihusu kipaji chake.

Hoki ya barafu ilizozana mno juu ya maana hiyo. Kwa miaka mingi Olimpiki ilipokea wachezaji wa ridhaa peke yao. Wasovieti wakaleta wachezaji wa CSKA, klabu ya jeshi: kwenye karatasi ni wanajeshi, lakini kutwa wako mazoezini. Kanada, iliyokatazwa kutumia nyota wake wa kulipwa, ikasusia hoki ya Olimpiki ya 1972 na 1976, na kwangu ilikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, tarehe 22 Februari 1980 huko Lake Placid, vijana wa Marekani, wengi wao wa vyuo vikuu, waliwafunga Wasovieti hao 4-3. Nyota wa NHL, ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada, walianza kushiriki Olimpiki ya Nagano, mwaka 1998.

Wanawake waliingia mwaka huohuo, lakini PWHL, ligi yao ya kulipwa, ilianza Januari 2024 tu. Kabla yake, wengi wenye medali za Olimpiki walitegemea ajira nyingine.

Ridhaa ninayoijua kwa karibu iko Nairobi, Barabara ya Mombasa, hoteli ya Panari, kwenye uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Hapo ni nyumbani kwa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu. Hawajafika Olimpiki, ila Kenya ilipokewa katika shirikisho la dunia, IIHF, mwaka 2024. Uwanja ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa mita 60 wa Olimpiki, kwa hiyo mchezaji hujifunza kugeuka ghafla kabla hajagonga ukuta.

Mchezaji wa Ice Lions anashuka matatu akitoka kazini, gongo limechomoza kwenye begi. Anakaza kamba za viatu mpaka kifundo hakichezi. Wakimaliza, anakausha vyuma vya viatu kwa kitambaa visishike kutu, anakunja jezi iliyolowa jasho, anatoka kutafuta gari la kurudi. Kesho saa mbili asubuhi anatakiwa kazini.