Mistari ya tabaka kwenye kiti cha mikono haimaanishi ni feki

Ule ujumbe kuhusu viti vya mikono vya Skandinavia (kaskazini mwa Ulaya) bado unazunguka kwenye magrupu. Unadai kiti halisi huchongwa kutoka mti uliojipinda wenyewe porini, na ukiona mistari ya tabaka pembeni, umeuziwa feki.

Si kweli. Katika viti vingi vya aina hiyo, mistari ndiyo kazi yenyewe ya fundi. Vipande vyembamba vya mbao hupakwa gundi, hupangwa, kisha hubanwa kwenye kalibu yenye mpindo unaotakiwa. Gundi ikishakauka, umbo linabaki. Wabunifu wa Sweden na Finland waliikuza mbinu hii miaka ya 1930 na 1940, wakapata fremu nyepesi inayonesa kidogo unapokaa. Hadi leo inaigwa, na inastahili.

Pitisha kidole ukingoni mwa mkono wa kiti. Tabaka zenye unene sawa zikifuata mpindo wote, fremu ilibanwa. Nyuzi za mbao zikikatika kwenye kona, imekatwa kwenye ubao mnene, na hapo ndipo penye udhaifu.

Mkanganyiko unaeleweka: viti maarufu vya Ulaya vya karne ya 19 vilipindwa kwa mvuke kutoka fito nzima, bila tabaka. Tena wengi tumeumizwa na makabati ya mbao za unga (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) yanayovimba yakilowa, tukachukia kila mbao yenye gundi.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unamfanya mtu auze kiti kizuri kwa bei ya kutupa. Ukitaka kujua mtengenezaji, kigeuze utafute alama yake chini.