Mshauri wa insha si mwandishi wa kukodiwa
Wazazi wengi jijini Mwanza huamini kwamba mshauri anayekaa na mwanafunzi mmoja mmoja kuhusu insha ya kuombea chuo cha Marekani hulipwa ili amwandikie. Sivyo. Mwombaji anayetumia Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, huthibitisha kwa saini kwamba kazi ni yake, na insha kuu, isiyozidi maneno 650, hukusudiwa kuonyesha yale ambayo alama za mtihani haziwezi kuyaonyesha. Mshauri huuliza tu: binti aliyeandika kwamba uvuvi ni muhimu kwa uchumi ataulizwa aliona kitu gani katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yalipokuwa yakipakiwa, na kwa nini hajakisahau; majibu atayaandika mwenyewe, afute, aandike tena. Anayembadilishia kila sentensi iwe Kiingereza cha kifahari, kwa maoni yangu, anamdhulumu.