Upepo wa AC Umefifia? Usianze na Gesi

Kila inapokaribia Septemba 16, Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni, kitengo chetu hupokea maswali mengi kuhusu gesi za viyoyozi vya magari. Chini ya mengi kati ya hayo kuna lalamiko moja: "Nimejaza gesi mara mbili, AC bado haipulizi."

Gesi haipulizi. Kazi yake ni kubeba joto la ndani ya gari na kulitoa nje. Inayopuliza ni feni, ile blowa iliyojificha nyuma ya dashibodi. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ya vuguvugu, hapo gesi inaweza kushukiwa. Ikitoka baridi lakini kinyonge, kagua kwanza njia inayopita hewa.

Kabla ya kwenda gereji, zima kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, kisha pandisha feni kutoka namba moja hadi ya mwisho huku ukisikiliza. Feni ikinguruma vizuri na matundu yakatoa upepo kidogo, njia imeziba, na mara nyingi ni filta ya kabini, ile inayochuja vumbi kwenye hewa ya ndani ya gari. Katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya magoti ya abiria. Watengenezaji wengi huelekeza ibadilishwe kati ya kilomita 15,000 na 30,000 au mara moja kwa mwaka, na kwenye vumbi jingi ni mapema zaidi. Filta ya karatasi haioshwi. Ule mshale ulioandikwa pembeni mara nyingi unaonyesha hewa inakoelekea; ulioandikwa "UP" ndio unaoonyesha upande wa juu.

Wapo wanaoichomoa na kuitupa "ili hewa ipite". Ni kweli, upepo hurudi siku hiyohiyo. Lakini nyuma ya filta ipo evaporeta, kifaa kinachopoza hewa, yenye mapezi membamba yaliyobanana ambayo huwa na unyevu muda wote AC inapofanya kazi. Vumbi likifika hapo hugeuka tope, na kuifikia evaporeta katika magari mengi ni kushusha dashibodi nzima. Tumelieleza hili mara nyingi, na ushauri huo bado unapita mdomo kwa mdomo kana kwamba ni siri ya mafundi.

Feni ikifanya kazi kwenye kasi ya juu pekee, mara nyingi rizista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, imekufa. Hiyo imewekwa ndani ya njia ya hewa kwa makusudi, ipozwe na upepo uleule. Filta ikiziba, rizista hukosa kupozwa. Kubadilisha rizista bila kukagua filta, plagi yake na umeme unaovutwa na blowa ni kujiandaa kununua nyingine. Na fyuzi ikikatika kila mara, tafadhali msiunge kwa kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ikatike. Waya hautakatika, na kitakachoungua ni nyaya za gari.

Lipo tatizo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Safari inaanza vizuri, baada ya nusu saa upepo unafifia ingawa mlio wa feni haujabadilika. Ukizima kwa dakika kadhaa unarudi, na chini ya gari maji mengi yanatiririka. Evaporeta imeganda barafu, na barafu hiyo ndiyo iliyoziba njia. Kwa muda huo, zima kompresa na uache feni iendelee mpaka iyeyuke. Chanzo chaweza kuwa sensa ya joto ya evaporeta, vali ya upanuzi (inayodhibiti gesi inayoingia kwenye evaporeta), filta iliyoziba au, hapa tunakiri, gesi pungufu. Gesi ikipungua, shinikizo ndani ya evaporeta hushuka, na sehemu yake huweza kupoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kwa hiyo anayetaja gesi hakosei kila mara. Anayekosea ni yule anayeongeza bila kupima.

Utaratibu wa kupima tunaueleza kwa kirefu kwa sababu ndio unaorukwa. Mfumo wa AC umefungwa. Gesi yake haitumiki ikaisha kama mafuta. Ikipungua sana, imevuja. Fundi hunyonya iliyomo kwa mashine na kuipima uzito, hutafuta uvujaji na kuuziba, kisha huvuta ombwe, yaani hunyonya hewa yote iliyobaki ndani, kwa muda usiopungua nusu saa. Baada ya hapo husimamisha mashine na kutazama geji ya shinikizo: mshale ukipanda, bado kuna tundu. Ndipo hujaza gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti. "Mpaka bomba lipoe" si kipimo. Aina mbili za gesi, R-134a na R-1234yf, hazichanganywi, na viungio vyake vimetofautishwa kusudi. Anayekuja na adapta ya kulazimisha ametangaza kosa lake mwenyewe. R-1234yf, isitoshe, inaweza kuwaka moto.

Kuifungulia gesi hewani ni jambo jingine. R-134a haili ozoni, lakini Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, yanaihesabu kilo yake moja kuwa sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika kuongeza joto la dunia. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2006 yanakataza kujaza mfumo unaovuja isivyo kawaida kabla haujatengenezwa. Marekani inamtaka fundi anayelipwa kwa kazi hii awe na cheti, inakataza kuiachia gesi hewani kwa makusudi, na faini yake inaweza kuhesabiwa kwa kila siku ya kosa. Masharti ya nchi yako yathibitishe kwa mamlaka husika. Maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria.

Ukiandika lalamiko, "AC mbovu" haitusaidii. Eleza upepo hufifia kwenye kasi ipi na baada ya dakika ngapi. Eleza pia kama hurudi ukibadili kutoka hewa ya nje kwenda ya ndani, kwani ukirudi, huenda majani yameziba uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Na kama upepo wote unaishia kwenye kioo au miguuni, andika hivyohivyo. Hapo feni na filta huenda ni nzima, ila kipo kilango ndani ya dashibodi ambacho mota yake haikigeuzi tena.