Je, wajua kwa nini sheli huchimbiwa visima vitatu na si kimoja?

Ukiwa sheli unasubiri gari lijazwe, hebu tazama sakafu. Vile vifuniko vikubwa vya chuma ni vya matangi yaliyofukiwa. Baadhi ya vituo vina pia vifuniko vidogo, upana wa sahani, vimejitenga pembeni. Marekani huchorwa pembetatu nyeusi juu ya duara jeupe, dereva wa lori asije akamimina petroli humo kwa makosa. Hivyo ni visima vya uchunguzi, vya kutazama kama petroli imevuja ikaingia kwenye maji ya chini ya ardhi, na kwa kawaida havipungui vitatu.

Kimoja hakitoshi kwa sababu maji ya chini ya ardhi hayatulii. Yanapenya kwenye mchanga na nyufa za mawe, polepole, mara nyingi mwendo wa sentimita chache kwa siku, yakifuata mteremko wake yenyewe, ambao si lazima ufanane na wa barabara. Kisima kimoja kitakuambia maji yako kina gani, basi. Cha pili kitakuonyesha wapi ni juu kuliko kwingine. Ukiongeza cha tatu, kisichokaa mstari mmoja na wenzake, ndipo unapojua tangi likivuja ni jirani gani atakayeletewa petroli hiyo.

Tuseme fundi amepima kimo cha midomo ya mabomba yaliyozamishwa visimani, yote kutoka alama moja, kisha akateremsha utepe wa kupimia. Uso wa maji unakuja kwenye kimo cha mita 12.40 kisima cha kwanza, 12.31 cha pili, 12.18 cha tatu. Tofauti ya sentimita 22 tu, lakini mshale umeshapatikana: maji yanaelekea upande wa cha tatu. Akikosea kimo cha bomba moja kwa kiganja tu, mshale unageuka, na mtu anayekunywa maji yenye sumu anaambiwa yuko salama.

Bomba lenyewe ni la plastiki, lina mipasuko myembamba kama ya wembe sehemu ya chini. Mipasuko hiyo lazima ianzie juu kidogo ya uso wa maji. Petroli huelea, mipasuko ikizama yote, petroli itabaki nje ya bomba na kisima kitaonekana kisafi. Mvua nazo zina hila zake. Masika maji yakipanda, petroli hunaswa katikati ya chembe za mchanga chini ya maji, na tabaka lililokuwa likielea kisimani linaweza kutoweka. Kiangazi likarudi. Ndiyo maana kipimo cha siku moja mimi sikiamini. Wapimaji makini hurudi kila baada ya miezi mitatu, mwaka mzima walau.

Kinachotafutwa zaidi ni benzini, na simaanishi benzini ya wazee wetu walioita hivyo petroli yenyewe, bali kemikali iliyomo ndani yake, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: lita moja ya petroli yenye asilimia 1 ya benzini inaweza kuharibu zaidi ya lita 700,000 za maji. Kwa Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi zina visima vyao, hesabu hiyo si ya darasani.

Santa Monica, California, walionja. Mwaka 1996 mji huo ulikuwa umefunga visima vilivyokuwa vikiupa karibu nusu ya maji yake ya kunywa. Safari hiyo mkosaji alikuwa MTBE, kiungo cha petroli kinachoyeyuka majini kwa urahisi na kusafiri mbali kuliko benzini. California ilikipiga marufuku kuanzia 2004.

Kuchota sampuli nako kuna adabu yake. Fundi huanza na kisima kisafi, kichafu huwa cha mwisho, asibebe uchafu kwa kifaa chake. Kichupa cha mililita 40 hujazwa taratibu mpaka maji yavimbe juu ya mdomo, kisha hufungwa na kupinduliwa, akigonga kwa kidole huku akitazama. Kukionekana kiputo cha hewa, benzini itakimbilia humo na maabara itasoma kidogo kuliko ukweli. Kichupa hicho hutupwa, kinajazwa kingine, halafu moja kwa moja kwenye barafu.