Macho, Mkono na Karatasi: Maandalizi ya Mtihani wa DAT

Wanafunzi wa Mombasa wanaotamani kusomea udaktari wa meno Marekani huniuliza zaidi kuhusu baiolojia na kemia, na mara chache mno kuhusu sehemu ya DAT (Dental Admission Test), mtihani wa kujiunga na vyuo vya huko, inayowaangusha wengi ambao masomo hayo mawili hawayaogopi. Nikiwa daktari wa meno, naona ajabu, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yangu ya kila siku.

Kwanza niondoe utata. Hapa Kenya, anayetaka kusomea fani hii Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi huingia kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, wala hafanyi DAT. Mtihani huu, unaosimamiwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, unamhusu zaidi aliyekwisha kusoma masomo ya sayansi ya chuo kikuu, kwani huko wanaojiunga wengi huwa tayari wana shahada ya kwanza. Aliyemaliza Kidato cha Nne juzi bado ana safari.

Mtihani una sehemu nne zinazochukua jumla ya dakika 255, bila kuhesabu mapumziko. Sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: baiolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ogania 30. Hii ya mwisho ihesabuni kuwa somo jipya, maana kutaja alkeni na alkoholi kama tulivyofundishwa sekondari hakutoshi. Mtahiniwa hutakiwa kueleza elektroni zinahama kutoka wapi kwenda wapi, na kutambua molekuli mbili ambazo moja ni taswira ya nyingine katika kioo.

Kisha huja ile sehemu niliyoigusia mwanzoni, utambuzi wa maumbo: maswali 90 kwa dakika 60, yaani sekunde 40 kwa kila swali, katika aina sita zenye maswali 15 kila moja. Mtahiniwa huulizwa kitu fulani kitapenya tundu lipi, umbo linaonekanaje kutoka juu, mbele au ubavuni, pembe ipi ni ndogo kuliko nyingine, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itakuwa na matundu wapi ikikunjuliwa, michemraba mingapi ina nyuso kadhaa zilizopakwa rangi, na bapa lipi likikunjwa hutoa umbo lipi. Haya si mafumbo ya kupotezea wakati. Ninapotengeneza gego la juu mara nyingi silioni moja kwa moja, bali katika kioo kidogo nilichokishika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukifanya kazi kinyume na macho yanavyoona.

Uwezo huu haukaririwi usiku mmoja, ndiyo maana napendekeza uanzwe mapema, kidogo kidogo kila siku. Chukua boksi la dawa ya meno, lifungue liwe bapa, weka alama tofauti kila upande, kisha utabiri zipi zitakutana kabla ya kulikunja tena. Fanya hivyo na karatasi na sindano pia, lakini baada ya muda ziache, kwa kuwa chumba cha mtihani hakitakuruhusu kukunja chochote. Kwa michemraba, chora jedwali kwanza: uhesabu mingapi haina uso uliopakwa, mingapi ina mmoja, miwili, hadi mitano, ukikumbuka kwamba upande wa chini haupakwi; mchoro mmoja huwa na maswali kadhaa, na jedwali moja hujibu yote. Kwenye pembe usikawie. Sekunde ulizookoa huko utazihitaji penye matundu.

Usiache swali bila jibu, kwani jibu baya halipunguzi alama. Ukisoma ushauri wa zamani, jihadhari na alama zinazotajwa: hadi mapema mwaka 2025 kipimo kilikuwa 1 hadi 30, na sasa ni 200 hadi 600.

Ufahamu, wenye maswali 50 kwa dakika 60 juu ya makala matatu ya kisayansi, hauwatishi waliozoea kusoma kwa Kiingereza. Hesabu, maswali 40 kwa dakika 45, ndiyo hufunga mtihani, akili ikiwa imeshachoka. Kwa hiyo mazoezi kamili yafanywe kwa mfuatano huo huo na kwa kikao kimoja, kwa sababu anayezoea kufanya hesabu asubuhi akiwa hajachoka hajapima bado atakavyozifanya baada ya saa tatu na nusu za maswali.