Mshtuko, presha na milango ya kalsiamu

Nikishtuka mikono inakuwa baridi. Kwa nini?

Damu imebaniwa njia. Neva zinazozunguka mishipa midogo humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, huku tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zikiongeza adrenalini kwenye damu. Ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, una misuli laini iliyojipanga kama pete. Pete zikikaza, mshipa unasinyaa na vidole vinapauka.

Kalsiamu inahusikaje?

Ndiyo inayokaza. Kalsiamu iliyo nje ya seli ya msuli ni nyingi kuliko iliyo huru ndani kwa takriban mara 10,000, kwa hiyo inangoja upenyo tu. Upenyo wenyewe ni protini zilizochomekwa kwenye utando wa seli, vijilango vinavyofunguka umeme wa utando unapobadilika.

Noradrenalini haiingii ndani. Inabisha hodi kwenye kipokezi cha alfa-1, protini ya kupokea ujumbe juu ya seli, na bishahodi hiyo inazaa mambo mawili: ghala la kalsiamu la seli yenyewe linafunguliwa, na umeme wa utando unabadilika hata vijilango navyo vikaachia. Kalsiamu iliyojaa ndani hushikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachofanya nyuzi za msuli zivutane. Kipenyo cha mshipa kikipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya damu hupanda mara 16! Hapo ndipo presha inaporuka.

Kwa hiyo adrenalini hubana mishipa yote?

Hapana. Mishipa inayolisha misuli ya mapaja ina vipokezi vingi vya aina nyingine, beta-2, na kwa kiasi cha kawaida adrenalini huilegeza. Mtu anayetaka kukimbia anahitaji damu miguuni, si kwenye ngozi.

Na kotisoli, homoni nyingine ya mfadhaiko?

Hii haina papara. Huufanya msuli uitikie noradrenalini kwa nguvu zaidi, kwa saa na siku. Wenye ugonjwa wa Cushing, ambao miili yao ina kotisoli kupita kiasi, wengi wao wana presha ya juu.

Basi niache maziwa?

Usiache. Mwili hushikilia kalsiamu ya damu kati ya milimoli 2.2 na 2.6 hivi kwa lita, ukipungukiwa unachota kwenye mifupa. Kasoro iko mlangoni, haiko kwenye glasi yako.

Vijilango hivyo vina dawa?

Vipo vidonge vya kuvizuia, kama amlodipini na nifedipini. Wazo hilo lilianzia kwa Mjerumani Albrecht Fleckenstein, miaka ya 1960. Kero ya vidonge hivyo inayojulikana ni vifundo vya miguu kuvimba: dawa hulegeza zaidi ateri ndogo, na kwa uchache vena, mishipa inayorudisha damu moyoni; shinikizo linashukia kwenye kapilari, vimishipa vyembamba vya katikati, na maji yanavuja. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa havisaidii sana uvimbe huo. Ukiuona, mweleze aliyekuandikia dawa apunguze kipimo au akubadilishie. Usiache kumeza kwa uamuzi wako.